Ubao Uliokuwa Chini ya Debe la Unga

Mwanangu Petro,

Ukifungua kopo lako jipya la rangi ya viatu utakuta limebaki nusu. Usimshuku baba yako. Ni mimi, nimelitumia mchana huu, na barua hii ndiyo maelezo yake. Itakuwa ndefu, unanijua.

Umetoka sasa hivi kwenda ng'ambo ya bonde kumuaga shangazi yako, naye hatakuachia njia kabla hujala mara mbili, kwa hiyo nina alasiri nzima. Baba yako yuko nyuma ya nyumba anafunga sanduku lako kamba kwa mara ya tatu, kana kwamba linakwenda Ulaya na si Singida. Mambo ya shuka, sabuni, na kutoazimisha sahani ameshakuambia yeye, na ameyasema kwa ufupi kuliko ambavyo ningeweza mimi. Sitayarudia.

Unakwenda chuo cha ualimu. Watoto wangu wanne wa kwanza walikimbia chaki; wewe kitindamimba umeifuata. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha. Lakini nimeona nisikuache uondoke hujui kosa nililolifanya nikiwa na chaki hiyo hiyo mkononi, kosa ambalo sijalisahihisha kwa miaka ishirini na mitano. Mtu niliyemkosea yuko hai. Anaishi Hirbadaw, jicho lake moja limeshakufa, na la pili, nimesikia sokoni wiki iliyopita, limeanza kupata ukungu. Na kile ninachodaiwa na mtu huyu ni kitu cha kutazamwa. Akishapofuka, hata nikikileta hakitakuwa na maana.

Unamfahamu. Unamfahamu kwa jina la Mzee Kushoto.

Jina lake ni Tarmo. Alikuwa fundi seremala, mtu wa milango, vigoda na mizinga ya nyuki, lakini ujanani alikaa misheni, na hapo bruda mmoja aliyekuwa akichapa karatasi za nyimbo alimfundisha kuchonga picha kwenye ubao na kuzichapa. Bruda akarudi kwao, mashine ikaharibika, Mzee Tarmo akabaki na ufundi ambao hakuna aliyeuhitaji. Alikaa nao miaka mingi, kama mtu anayejua lugha ya nchi ambayo hatafika tena.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hutalielewa kosa langu. Anayechora kwa kalamu huanza na weupe wa karatasi, akaongeza weusi. Mchonga chapa huanza na giza. Ubao ambao haujaguswa, ukiupaka wino na kuulalia karatasi, utakupa mraba mweusi tu. Kila anapokata, analeta mwanga. Akitaka uso wa mtu, anachimba mashavu na paji la uso, anaacha macho. Tunachokiona kwenye picha ni kile ambacho patasi imekipita bila kukigusa. Na akishakata amekata, hakuna kifutio. Ndiyo maana Mzee Tarmo alikuwa mtu wa polepole hata kwenye kunywa chai.

Alikuwa na patasi nne, na moja, ile nyembamba ya kuchora nywele na manyoya, alikuwa ameitengeneza kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika. Mbao zake zilitoka kwenye mpeasi mmoja wa misheni uliokauka. Alisema mpeasi hauna nyuzi za ubishi, unakwenda unakoupeleka. Wino ulikuja na makopo kutoka Arusha. Aliutandaza kwa kigongo alichokiviringishia mpira wa ndani wa baiskeli, akalaza karatasi, halafu akaisugua mgongoni taratibu kwa kipande cha kibuyu. Karatasi ikianza kulia kama panya, alijua imeshika.

Nilimkuta kwenye mashamba ya ngano. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa shule ya msingi niliyehamishiwa elimu ya watu wazima, baba yako amebaki huku Bashay analima. Mashamba yalikuwa mapya. Trekta zilikuwa zinang'aa, na kombaini ilipopita kwa mara ya kwanza watu wazima waliikimbilia kama watoto. Darasa langu lilikuwa ghala la mbolea, na hadi leo nikinusa mbolea ya chumvichumvi nakumbuka silabi. Mchana nilifundisha wake za wafanyakazi na wafugaji wa uwandani, jioni madereva na vibarua. Vitabu vilikuwa vichache. Mzee Tarmo alikuwa anatengeneza madawati yangu, akaona jinsi ninavyochora ng'ombe ubaoni, akaniambia kwa upole sana, "Mwalimu, huyo ni mbwa mwenye pembe."

Ndivyo alivyoanza. Alinichongea ng'ombe, jembe, kibuyu, mtoto, maji. Alichapa, mimi nikaandika neno chini kwa mkono. Baadaye alichonga kwa furaha yake tu: kombaini ndani ya ngano, na nyuma yake Mlima Hanang umevaa wingu kama mgolole. Kila suke lilikuwa mkato mmoja. Nilikuwa nasimama mbele ya picha ile nasikia upepo. Hakuandika jina lake kwenye kazi yoyote. Pembeni chini alikata alama ndogo tatu, zile zile alizowakata ng'ombe wake sikioni. Mimi nilimwambia aandike jina. Akasema, "Ng'ombe wangu wakipotea, huwa wanarudishwa kwa alama hii. Inatosha."

Sasa, mwaka wa pili, tulitaka picha kubwa ya kubandika madukani, kwenye josho na kwenye visima, ya kuwaita watu darasani. Hasa Wabarabaig, wale wafugaji wa uwandani. Wanawake kumi na mmoja wa kwao walikuwa wameshaanza kuja, wanatembea asubuhi nzima, na nilitaka waume zao nao waje. Ulikuwa wakati mgumu kwao. Malisho yao mengi yalikuwa yamegeuka ngano, na njia walizopitisha mifugo tangu babu zao zilikuwa zimelimwa. Nikaona picha iwe ya heshima: mwalimu amesimama mlangoni mwa darasa, amemnyooshea mzee mwenye fimbo mkono wa salamu.

Mzee Tarmo aliichonga kwa siku tano. Alikuja nayo ikiwa bado kwenye ubao, haijachapwa, wakati darasa la jioni limejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu." Akaiweka mezani, akaifuta vumbi kwa kiganja.

Watu wakaizunguka. Ilikuwa nzuri. Fimbo ya mzee, mikunjo ya shuka, hata ufa wa mlango wa ghala letu ulikuwepo. Ndipo dereva mmoja wa trekta, mcheshi, mtu asiyeweza kuona kitu kizuri akakaa kimya, akasema, "Mzee, huyu mwalimu wako anasalimu kwa kushoto. Kwao hawakumlea?"

Wakacheka, halafu wote wakanitazama mimi.

Nikaangalia ubao. Ni kweli, mkono ulionyooshwa ulikuwa wa kushoto. Mzee Tarmo akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ubao na karatasi ni kama watu wawili wanaotazamana. Wa kulia wa huyu uko upande wa kushoto wa yule."

Alikuwa amenieleza kila kitu. Mimi ninayependa kueleza sikusikia maelezo ya mtu mwingine. Na nilikuwa nimeshaziona mbao zake mara ishirini. Ng'ombe aliyetazama mlangoni kwenye ubao alitazama dirishani kwenye karatasi, na sikuwahi kujali, kwa sababu ng'ombe ni ng'ombe akitazama popote. Nilichokisikia jioni ile kilikuwa kicheko. Nilikuwa mgeni, nilikuwa mwanamke, na nusu ya wanafunzi wangu walikuwa na umri wa baba yangu. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Mzee, mkono wa salamu ni wa kulia. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Chonga upya."

Petro, nimeyakumbuka maneno hayo kwa mpangilio wake kwa miaka yote hii. "Hata mtoto wa darasa la kwanza."

Alinitazama. Halafu akawatazama watu, mmoja mmoja, kama anayehesabu mifugo jioni. Akauchukua ubao wake, akasema, "Sawa, Mwalimu."

Ingenichukua nini kusema, "Mzee, chapa moja nione"? Wino ulikuwa mezani, karatasi ilikuwepo. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nimewaona walimu wengi baada ya hapo, wakaguzi, hata mapadri, wakimsahihisha mtu kitu ambacho hawajakiona kikikamilika, na kila mara najiona mimi kwenye ghala lile. Utakutana na mtoto atakayekupa jibu linaloonekana limegeuka. Litakuwa limegeuka kweli, mara nyingi. Lakini kabla ya ile kalamu nyekundu, mwambie akuchapie moja uone.

Akachonga upya kutoka kwenye mpeasi ule ule. Siku ya kuchapa nilikuwepo, na wanafunzi wanne wa kusaidia kuanika. Alipaka wino, akalaza karatasi, akasugua kwa kibuyu hadi ikalia. Akaibandua, akaishika kwa pembe mbili za juu, akaninyooshea kama mtu anayekuonyesha mtoto mchanga.

Mwalimu wa kwenye picha alikuwa anamsalimu mzee kwa mkono wa kushoto.

Nilielewa pale pale. Maneno yake ya watu wawili wanaotazamana yalinirudia yote. Naye aliona kwamba nimeelewa. Alisubiri tu, na karatasi ilikuwa inatetemeka kidogo kwa upepo wa mlangoni. Karatasi tulikuwa tumepewa kwa mgao, afisa wa elimu wa wilaya alikuwa anazisubiri, wanafunzi wanne walikuwa wanatazama. Ningeweza kusema, nimekosea, tuchukue ule ubao wa kwanza.

Nikasema, "Anikeni."

Neno moja. Kutojua kwangu kwa ile jioni ya kwanza nimeshajisamehe. Neno hilo, bado.

Zilibandikwa kila mahali. Nilijiambia watu hawataangalia mkono, wataangalia picha. Ilichukua wiki. Asubuhi moja mzee mmoja wa Kibarabaig, mume wa mmojawapo wa wale wanawake wangu, aliingia darasani na picha ameibandua ukutani, ameikunja vizuri kama barua. Nikamwamkia. Akaitikia, maana hakuwa mtu wa kukosa adabu.

"Mwalimu, nimepata salamu zenu."

"Karibu, mzee, ukae."

"Sikai. Nimekuja kuuliza." Akaikunjua picha juu ya meza yangu. "Mahali ng'ombe wangu walipokuwa wanakunywa sasa pana ngano. Nikasema, sawa, ni serikali. Njia ya kwenda kwenye chumvi imelimwa. Nikasema, sawa. Sasa mnaniita nije kusoma, na mnanipa mkono huu. Kwetu mkono huu tunamshikia ng'ombe mkia."

Nilisema jambo fulani kuhusu makosa ya uchapaji.

"Mke wangu hatakuja tena," akasema, na akatoka. Kesho yake hakuja hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja. Huyo mke wake alikuwa mwanafunzi wangu bora. Jina lake lilikuwa refu, na alikuwa amefika nusu ya kuliandika.

Habari zikafika wilayani, na afisa akaja kufanya mkutano nje ya ghala. Watu walikuwa wengi. Akainua picha juu, akauliza, "Nani amefanya hii?"

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, chaki ikiwa bado mkononi. Nilikuwa na maneno mdomoni, naapa kwamba nilikuwa nayo. Lakini Mzee Tarmo alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Mimi ndiye niliyechonga."

"Mzee mzima hujui kulia na kushoto?"

"Mimi ndiye niliyechonga," akasema tena, kwa sauti ile ile.

Yule dereva wa trekta akaita kutoka nyuma, "Huyo ni Mzee Kushoto." Hata afisa alicheka. Nikaangalia chaki yangu. Nilikuwa nimeivunja vipande vitatu na sikuwa na habari.

Alikatazwa kuchonga picha zozote za kisomo. Mbao zake zilizokuwa ghalani, ng'ombe, jembe, kibuyu, ile ya kombaini na mlima, zilipelekwa jikoni zikapikiwa uji wa vibarua. Picha zilibanduliwa. Kwa miezi kadhaa mwenye duka alifungia watu tumbaku na chumvi kwa karatasi hizo, na wewe ukienda leo kwenye ofisi yoyote ukauliza ni nani aliyekuwa akichonga picha za darasa la mashamba ya ngano, utaambiwa hapakuwa na mtu kama huyo. Kilichobaki kwa watu ni jina la utani. Wanawe wanaitwa wa Kushoto. Wajukuu wake wanaitwa wa Kushoto.

Baada ya mkutano ule alikuja nyumbani kwangu jioni, amefunga kitu ndani ya gunia. Nilitaka kulia, lakini hakunipa nafasi. Nilimwamkia, akakaa, akaomba maji.

"Mzee, kwa nini hukuniambia mbele ya watu kwamba ni mimi?"

Akanywa maji yote kwanza. "Mwalimu akichekwa, darasa linakufa. Fundi akichekwa, anarudi kwenye milango yake."

"Lakini si haki."

"Siyo," akasema. Hakunitia moyo. Nilimpenda kwa hilo hata siku ile. Akaweka gunia mezani. "Huu ni ule ubao wa kwanza. Siku utakayoweza kuuchapa, niletee karatasi moja. Sijaiona bado hiyo picha."

Fikiria hilo, Petro. Alikuwa ameichonga siku tano na alikuwa hajawahi kuiona. Mchonga chapa haoni kazi yake hadi karatasi ibanduke. Kabla ya hapo anaibeba kichwani tu, imegeuka. Mimi ndiye niliyemzuia kuiona.

Uliufahamu ubao huo maisha yako yote. Ni ule uliokuwa jikoni chini ya debe la unga, ili panya na unyevu wa sakafu visilifikie. Ulikanyaga ukingo wake kufikia sukari. Ulikuwa umelala kifudifudi, nami nilihakikisha unalala hivyo. Kila nilipohamishwa niliubeba, na kila nyumba nilitafuta kwanza mahali pa kuweka debe.

Sikuuchapa mwaka ule kwa sababu ya aibu. Mwaka uliofuata nilijiambia watu wameshasahau, nisiwakumbushe. Halafu nikapandishwa cheo, na ikawa vigumu zaidi, maana sasa nilikuwa na kitu kikubwa zaidi cha kupoteza. Nilimwambia baba yako. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeniambia mimi, ambaye hukunikosea." Hakulitaja tena, na kila alipochota unga alirudisha debe mahali pake kwa uangalifu sana. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kulitaja.

Kuna jambo jingine, na hili linakuhusu wewe. Ulikuwa na miaka tisa, nilikuchukua kwenda mnadani Hirbadaw kununua mbuzi. Tukamkuta amekaa na vigoda na vinyago vyake vya kuuza. Wewe, mtoto mwenye adabu, ulimkimbilia ukainamisha kichwa ukasema, "Shikamoo, Mzee Kushoto." Ulikuwa umewasikia watu wakimwita hivyo tangu asubuhi.

Akaweka mkono kichwani pako. "Marahaba, mwalimu mdogo. Mama hajambo?" Akaniangalia mimi kidogo tu, kwa jicho lisilo na deni wala kisasi, akachagua yule ng'ombe mdogo wa mti akakupa. Njiani ukaniuliza, "Mama, kwa nini anaitwa Kushoto?"

Nikakujibu, "Sijui. Ni jina tu."

Yule ng'ombe nimemwona jana kwenye sanduku lako, amefungwa ndani ya soksi. Nilikaa kitandani kwako muda mrefu. Umekuwa mwanaume unayekwenda chuo, ndevu zinaanza, na umebeba ng'ombe wa mti. Mtazame sikio lake la kulia. Kuna mikato mitatu.

Basi leo ulipotoka nimemwita baba yako anisaidie kuinua debe. Hakuuliza. Nimeosha ubao, nimeuanika juani. Umepinda kidogo pembeni na panya wametafuna kona moja, lakini mikato bado iko wazi. Wino sina, kwa hiyo nimechukua rangi yako ya viatu, nikachanganya na masizi ya sufuria na mafuta ya taa matone machache, nikatandaza kwa kitambaa. Karatasi ni migongo ya kalenda za zamani. Kibuyu tunacho kimoja kilichopasuka, nacho sasa kimepasuka zaidi. Nilisugua kwa mzunguko kama nilivyomwona akifanya, nikawa nasikiliza. Ya kwanza iliharibika. Ya pili ikalia.

Niliibandua nikaishika kwa pembe mbili. Baba yako alikuwa nyuma yangu. Mlango wa ghala, ule ufa, mikunjo ya shuka, mzee na fimbo yake. Na mwalimu, kijana, mwembamba, amenyoosha mkono wa kulia. Petro, mwalimu yule ana uso wangu. Nilikuwa sijui. Kwenye ubao uso umegeuka, sikujitambua. Nilitazama mkono tu. Baba yako ndiye aliyesema, "Huyu ni wewe, ulipokuwa bado unasikiliza."

Amecheka alipoona nimenuna, kisha akaenda kufunga sanduku lako.

Nimechapa mbili safi. Moja imo ndani ya bahasha hii. Ya pili nimeiviringisha ndani ya khanga.

Nilikuambia nitakusindikiza hadi Katesh unapopanda basi. Nimekudanganya kidogo, na huo ni uongo wangu wa mwisho juu ya jambo hili. Lori letu la kesho linapitia mnadani, litasimama Hirbadaw kushusha mbuzi kabla ya kukufikisha Katesh, na hapo ndipo nitakaposhuka mimi na ubao wangu. Ukisoma hapa nimeshakupa bahasha na kukupungia, nawe umeshangaa kwa nini mama anashuka hapa na gunia. Usimwambie dereva arudi. Magoti yangu yanajua kutembea hadi uwanjani.

Ningeweza kwenda kwake nyumbani, siku ya kawaida, nikamnong'onezea. Nililifikiria hilo, na lilinipendeza sana, ndiyo maana nililiacha. Waliomcheka walikuwa wamekusanyika, na siku ya mnada ndiyo siku wanayokusanyika tena: wazee wa uwandani, waliokuwa vibarua, hata yule dereva, ambaye sasa ana mvi na anauza viatu vya matairi karibu na lango. Kombaini za mashamba yale zimesimama kwenye nyasi, nasikia kuku wanatagia ndani. Yule mzee wa Kibarabaig amefariki, lakini mkewe huja kuuza maziwa. Kwake yeye sina picha ya kutosha. Nitaanza kwa kumwamkia.

Sijui Mzee Tarmo atasema nini. Anaweza kusema nimechelewa, na itakuwa kweli. Anaweza akaishika karatasi karibu na jicho lile moja asione kitu, na hapo nitakuwa nimechelewa kwa namna ambayo hakuna msamaha unaoifikia. Nimelala na hofu hiyo siku saba. Lakini nikibaki nyumbani kesho nitakuwa nimesema "Anikeni" kwa mara ya pili.

Nimeandaa hotuba, unanijua, ilikuwa na kurasa mbili. Nilimsomea baba yako. Akasema wakati nikifika ukurasa wa pili mbuzi wote watakuwa wameshauzwa. Kwa hiyo nimeikata, na kukata, na kukata, kama yeye alivyokuwa akifanya, hadi yakabaki maneno matatu, na nimeyasema leo mara nyingi mbele ya ng'ombe zizini ili sauti isinikatike. Nitamwamkia. Nitampa karatasi kwa mkono wa kulia. Halafu nitageuka niwatazame watu, nitataja jina lake, Tarmo, na nitasema:

Mimi ndiye niliyemwagiza.

Nakusikia unaingia uani. Shangazi yako amekulisha, naona, unatembea kama mwenye ng'ombe mia.

Mama yako